Muwa Bubu

Kitaluni, 4 Februari

Mama, shikamoo.

Sisi huku ni wazima, ni mgongo tu unaonung'unika. Wiki nzima tumejaza udongo kwenye vifuko vya miche, nikilala naota vifuko. Wenzangu wa bwenini wananicheka, wanasema nikigeuka usingizini najaza hata shuka.

Mwanao dereva atakushushia kopo lenye mmea. Ni zawadi yako kutoka kwangu. Mimea hii huuzwa kwa watu wa hoteli na maofisi, nami niliomba mmoja uliovunjika jani, wakanipa. Majani ni mapana, ya kijani, katikati ni kama yamemwagiwa maziwa. Uuweke mlangoni mwa chumba chako cha kushonea. Haupendi jua kali, na maji ni kidogo tu. Mteja akikaa kusubiri kupimwa apate kitu cha kuangalia zaidi ya nyuzi sakafuni.

Kasuku wangu hajambo? Najua anakuchosha kwa maneno. Nisamehe, ni mimi niliyemzoesha. Nilikuwa nasinzia nimesimama, basi alipoanza kutamka nikawa namwambia, "Ongea, mwanangu, ongea na mama," ili nisiangukie sufuria ya uji. Sasa hanyamazi. Lakini Kasuku hasemi uongo, hilo nakuhakikishia.

Jambo moja, Mama. Tafadhali usimpe ile dawa ya kikohozi kama hakohoi.

Huku bondeni simu hazishiki, na wewe ulishasema ya kwako huitaki kwa kuwa Kasuku anasikiliza halafu anatangaza. Basi tuendelee na karatasi.

Mkwe wako,
Mama Kasuku


Chumba cha kushonea, 17 Februari

Mkwe wangu, marahaba.

Mmea umefika. Kopo limepinda kidogo, mwenyewe mzima. Nimeuweka mlangoni. Mke wa muuza mkaa ameuangalia mpaka kasahau kuteta bei. Asante. Una jicho zuri, ingawa mwanangu alipokuleta kwa mara ya kwanza nilisema huyu hata tundu la sindano hatalijua liko upande gani.

Sasa hiyo dawa ya kikohozi. Unaniandikia "usimpe" kama mimi ni yaya wa mshahara. Nimelea watano na hakuna aliyefia mikononi mwangu. Kijiko kimoja, mtoto analala, nami napata kumaliza kola mbili. Kuna ubaya gani? Ukitaka nikusikie usiniamuru. Nieleze kitu na sababu yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima mwenzake. Nikielewa sababu nitafanya. Nisipoelewa nitafanya nijuavyo.

Kasuku hajambo, mdomo ndio usiseme. Juzi kamwambia huyo huyo mke wa muuza mkaa, "Bibi amesema kiuno chako kimehama." Mwanamke kacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na meno.

Nimemshonea gauni. La bluu, marinda matatu, kola nyeupe. Kitambaa kilibaki mahali. Ukimwona utadhani anakwenda kuposwa. Anazunguka nalo mpaka anaanguka.

Mama mkwe wako,
Fundi


Chumba cha kushonea, 2 Machi

Mkwe,

Salamu baadaye. Mwanao kanivua nguo hadharani.

Unamjua yule mama mwenye duka la vyombo, anayemwoza binti yake. Aliniletea kitambaa cha bluu cha sare za ndugu zake wote. Sasa sikiliza. Kila fundi hubakisha. Mkasi wangu unajua kulaza kitambaa: mikono naipanga kwenye pembe za sketi, na kinachosalia ni cha mkasi, si cha mteja. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo mafundi wanavyokula. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu.

Kaja kuchukua nguo zake Jumamosi, chumba kimejaa watu. Kasuku katoka ndani kavaa lile gauni. Kasimama mbele yake, kashika marinda huku na huku, kasema, "Tumefanana! Bibi alikata langu kwenye kitambaa chako. Kingine kiko chini ya kitanda. Nikuoneshe?"

Kamwonesha, mkwe. Kamshika mkono kampeleka.

Yule mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu. Alivikunja vipande vyake polepole, akasema, "Fundi, mtoto huyu kalelewa vizuri. Sijui na nani." Chumba kizima kikacheka. Wateja wanne wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata.

Nilimshonea yeye! Macho yananiuma, namshonea yeye, na yeye ndiye kanianika kama nguo ya mtumba.

Mdomo huu si wa kwetu. Kwetu watu wanajua kumeza. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu nitamkunja.

Fundi


Kitaluni, 5 Machi

Mama, shikamoo na pole.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye bomba la kumwagilia, mpaka maji yakafurika na msimamizi akanifokea. Naomba msamaha kwa niaba yake. Hakujua kwamba anakuumbua. Alikuwa analiringia gauni lako. Kasuku akipenda kitu anakitangaza. Tafadhali usimpige. Nikipata ruhusa mwisho wa mwezi nitakuja nimwombe radhi yule mama mimi mwenyewe.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi, na safari hii nakueleza na sababu yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama ulivyotaka.

Ule mmea uutoe mlangoni. Una sumu.

Wiki hii bwana miche, mkuu wa kitalu, kanipa kazi ya kuandika vibao, anasema mwandiko wangu unasomeka. Watu wa hoteli wanataka majina ya Kiingereza. Huu Waingereza wanauita "dumb cane", yaani muwa bubu. Muwa nikauona, maana shina lake lina pingili kama za muwa. Nikamuuliza, "Na bubu? Kwani ni mmea gani unaoongea?" Akacheka. Akasema bubu si mmea, bubu ni atakayeutafuna. Utomvu wake umejaa vijisindano ambavyo jicho halivioni. Vikiingia mdomoni vinachoma ulimi na koo, mdomo unavimba, mate yanatiririka yenyewe, na sauti inakatika. Kwa kawaida inarudi baada ya siku kadhaa. Lakini koo likivimba sana mtu hukosa pumzi.

Nikamuuliza, waliompa mmea jina hilo walijuaje? Hapo hakucheka. Anasema zamani, kwenye visiwa vya mbali vilivyolimwa miwa, wenye mashamba waliwapaka watumwa mdomoni shina hili, kuwaadhibu. Kipande kidogo kilitosha. Mgongoni hapana alama, mikono inafanya kazi kama kawaida, ni neno tu ndilo halitoki. Watumwa wakafa, mabwana wakafa, jina likabaki. Sasa tunaliuza sisi pamoja na kopo lake.

Nimeandika vibao hivyo nikifikiria mlango wako. Tafadhali, Mama. Chimba shimo uufukie, unawe kwa sabuni, Kasuku asiusogelee. Sababu sasa umeijua.

Mkwe wako,
Mama Kasuku


Chumba cha kushonea, 18 Machi

Mkwe wangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Hivyo ndivyo mtu anavyoandikiwa! Umenieleza nikaelewa kila kitu.

Mmea usikutie wasiwasi, mlangoni haupo tena. Nimeutafutia mahali pake.

Habari njema ni za Kasuku. Hutamjua. Ametulia! Anakaa kwenye kigoda chini ya meza ya kukatia, anachambua vifungo kwa rangi zake, hatoi sauti. Mteja akimuuliza jina anatazama chini kama binti wa watu. Hata mume wako alipopita kasema, "Mama, umemfanyaje huyu? Siku hizi ana adabu." Nikamwambia, ni malezi. Wateja wawili wamerudi.

Kula anakula kidogo, uji uliopoa tu. Udenda unamtoka, nadhani ni meno. Nimemfunga kitambaa kifuani, nimekitarizi ua. Na ile dawa ya kikohozi simpi tena, utafurahi. Haina kazi.

Hebu niulize: mmea ule ukikatwa shina unachipua tena, au ndiyo basi?

Mama yako anayekupenda,
Fundi


Kitaluni, 19 Machi

Mama,

Kasuku ana miaka mitatu na nusu. Meno yake yalishaota yote.

Hukusema umeufukia mmea. Umesema umeutafutia mahali pake. Sasa unauliza kama unachipua ukikatwa. Umeukata wa nini?

Bwana miche amesema nikiondoka kabla ya mwisho wa mwezi nisirudi. Nimemrudishia glavu zake.

Barua hii simpi dereva. Naitia mfukoni. Nitakupa mkononi, nikutazame unavyoisoma.

Mama Kasuku


Chumba cha kushonea, 6 Aprili

Mkwe,

Nimesubiri utulie ndipo niandike. Uliingia kwangu bila hodi. Ukaninyooshea karatasi mbele ya wateja kama hakimu, ukamnyanyua mtoto mpaka kigoda kikapinduka, ukakimbia naye hospitali kama aliyegongwa na gari. Salamu hukutoa. Gauni lake hukulichukua.

Nasikia nesi kasema koo limeungua. Manesi wanapenda makuu. Mimi sikumlisha kitu. Nilimpaka. Nilikata kipande chembamba kama chaki yangu ya kuchorea nguo, nikampaka ulimini, kama watu wanavyompaka mtoto pilipili kwenye kidole asinyonye. Wewe mwenyewe uliandika kwamba kipande kidogo kinatosha. Wewe mwenyewe uliandika kwamba sauti inarudi. Na kweli mara ya kwanza ilirudi. Unajua neno la kwanza alilosema? Mlangoni, kwa mteja: "Bibi amenichoma."

Ningefanyaje? Nikarudia.

Sikuutafuta mmea huo. Nani aliuleta nyumbani kwangu? Sikujua kazi yake. Nani alinieleza? Mimi nimefuata barua yako.

Na kile kibao. Kumbe uliporudi kesho yake, ukalitoa kopo chini ya kitanda na kulirudisha mlangoni, ulikichomeka humo, kwa mwandiko wako huo unaosomeka: "Muwa bubu. Zamani walipakwa watumwa wasiseme. Katika nyumba hii alipakwa mtoto." Nimekaa kwenye cherehani siku nzima nikidhani watu wanasimama kuutazama mmea. Wengine niliwapungia mkono.

Kitoe. Umrudishe mtoto, tuyamalize wenyewe ndani ya nyumba, kama watu.

Bado mama mkwe wako,
Fundi


Njiani, 9 Aprili

Mama Kasuku,

Naandika karatasi iko juu ya usukani. Mama hali chakula. Anashinda amekaa mbele ya cherehani isiyo na uzi. Kile kibao kimemfanya kichekesho cha mtaa, na aibu yake ni aibu yangu.

Alikosea, sikatai. Lakini mtoto hajafa. Wewe kazi huna, unalala kwa rafiki yako kwenye chumba kimoja, mimi niko barabarani. Mtoto atakaa wapi kama si kwa bibi yake? Safari hii atakuwa mwangalifu, ameniahidi.

Na tusikuze mambo. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa ametulia tu, sikuona kama anaumwa. Alinipungia mkono.

Baba Kasuku


Kwa rafiki yangu, 22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu umri wako haujabadilika.

Ni kweli mmea niliuleta mimi, na sababu nilikueleza mimi. Hilo nalala nalo na kuamka nalo, huna haja ya kunikumbusha. Lakini nilikuandikia ili uogope. Wewe ulisoma ukajifunza.

Nikueleze hali yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama unavyopenda kuelezwa. Daktari amesema koo limepona. Sauti ipo, tunaisikia akiwa usingizini. Akiamka anaweka kiganja mdomoni. Siku ile nilipomnyanyua kwako mikono yangu ilikuwa bado inanuka majani ya kitaluni. Aliinusa, akabana midomo mpaka ikapoteza rangi. Mimi, mama yake. Nimeisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mchanga, kucha nimezikata mpaka kwenye nyama. Kila nikitaka kumlisha nampa kwanza mikono ainuse. Akiridhika, anafungua mdomo.

Kazi nimepata, mwambie mwanao. Nafua nguo za watu pamoja na rafiki yangu, hapa hapa uani, mtoto akiwa mbele ya macho yangu. Mgongo ni ule ule, ila mikono inanuka sabuni kutwa. Jumapili Kasuku aliinusa, akasema, "Sabuni." Neno moja. Nilikaa chini na beseni la watu mapajani.

Umwambie pia mwanao, yeye aliyepungiwa mkono: mtoto aliyekatwa sauti hana kingine cha kukuitia.

Kumwona utamwona. Ni damu yako, sitaki akue akidhani nilimficha. Lakini nina sharti moja, na silipunguzi. Kibao kikae mlangoni. Mteja akiuliza, umweleze wewe, kwa mdomo wako, ulichomfanya mtoto na kwa nini. Ukishawaeleza, uje. Uje na mikono mitupu. Atainusa, ataamua yeye.

Mama Kasuku


Chumba cha kushonea, 11 Mei

Mkwe wangu,

Kibao nimekitoa. Mvua ilikuwa imeshaanza kukifuta, mimi nikamalizia. Wateja wamerudi karibu wote. Watu husahau upesi ukiwashonea vizuri, na wewe ungejifunza kusahau ungenenepa.

Mmea umechipua pale nilipoukata. Hukunijibu, nimejionea mwenyewe.

Nimemkumbuka mjukuu wangu. Chumba kimekuwa kimya mpaka nasikia mkasi unavyopumua. Vifungo viko vile vile alivyovichambua chini ya meza, vyekundu peke yake, vyeupe peke yake. Sijavigusa. Nakutumia gauni lake jipya, la manjano, mifuko miwili, nimempima kwa kumkumbuka tu. Kifuani nimetarizi kasuku, nimemaliza nyuzi zangu zote nzuri.

Mwambie tu asiseme kitambaa kimetoka wapi.

Bibi yake


Kwa rafiki yangu, 14 Mei

Mama,

Bahasha ilikuwa chini ya gauni, kwa hiyo nilimvika kabla sijaisoma. Limemkaa sawasawa, mkono wako hauna kasoro. Akazunguka mpaka akaanguka, akacheka. Kicheko chenye sauti! Rafiki yangu alitoka kuchungulia, mapovu mpaka viwikoni. Nakwambia ukweli, kwa dakika ile nilikusamehe.

Rafiki yangu akamwambia, "Umependeza, mchumba! Nani kakupa?"

Kasuku akaja kwangu. Akanishika mikono, akanusa wa kulia, akanusa wa kushoto. Kisha akanivuta sikio, akaninong'oneza: "Mama, na hili nisiseme?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Bahasha yako ilikuwa bado imefungwa.

Nikamwambia, sema, mwanangu, sema mpaka uchoke. Akaweka kiganja mdomoni.

Gauni lako hili hapa. Nimelifua.

Mama Kasuku